Mnyororo Uliopita Ndani ya Nguzo

Mnyororo unapitaje pasipo na njia?

Usiku ule nililala na swali hilo kifuani kama mtu aliyelala na viatu. Halikuwa swali la kifalsafa. Lilikuwa swali la kazi, na jibu lake lilitakiwa keshokutwa mbele ya jopo la wahadhiri, na mimi ndiye niliyepangwa kusimama.

Kazi yenyewe haikuwa yangu. Ilikuwa ya Namsifu, rafiki yangu, tuliyekaa naye chumba kimoja cha bweni na chumba kimoja cha kompyuta mpaka alipofariki. Plastiki, mpira, hata gundi, vimejengwa kwa molekuli ndefu mno, mithili ya shanga zilizotungwa kwenye uzi. Namsifu alikuwa anachunguza jinsi minyororo hiyo inavyosogea inapobanwa. Hakuitazama yenyewe, maana hakuna jicho linaloiona. Aliiiga ndani ya kompyuta: alichora uwanja, akasimika humo nguzo zisizosogea, akaweka mnyororo mmoja katikati, kisha akaiachia kompyuta iusukesuke hatua kwa hatua, huku na huku, bila mpango.

Vitabu vinasema mnyororo mfupi utajipenyeza, ila mrefu utakwama. Hauwezi kwenda ubavu kwa sababu nguzo zimeuzunguka. Hauna la kufanya ila kutambaa kama nyoka, kichwa kitafute upenyo na mwili ufuate palepale kichwa kilipopita. Ndiyo maana mrefu huchelewa, na ukizidi urefu huchelewa kupita kiasi.

Ya Namsifu haikuchelewa. Minyororo yake mirefu ilikatiza kwenye nguzo zile kama mtu anayekatiza uwanja wa mpira kwenda dukani. Dakta Mbelwa, aliyekuwa msimamizi wetu sote wawili, alipoiona ile grafu alivua miwani, akaivaa tena, akasema, "Binti, hiki kitu hakijaandikwa popote."

Kisha ikaja likizo. Namsifu akaenda kwao, Upare ya tambarare, kwenye mashamba ya mkonge. Huko akapata homa, na homa haikumrudisha. Tulipotoka kuzika, tulikuta kompyuta yake imewaka yenyewe umeme uliporudi, na karatasi aliyoibandika juu ya kioo bado ipo: USIZIME. KAZI INAENDELEA. Kila mmoja wetu alikuwa na karatasi kama hiyo, maana kompyuta zilikuwa za kugombea na umeme ulikuwa wa mgao. Lakini ile yake hakuna aliyethubutu kuibandua. Ikabaki hapo hata baada ya umeme kukatika na kioo kuwa cheusi.

Dakta Mbelwa akahangaika ofisi hadi ofisi mpaka chuo kikakubali: Namsifu atatunukiwa shahada akiwa kaburini, ilimradi mtu amalizie sehemu iliyobaki na kuitetea kazi yake. Mtu huyo ni mimi. Mama yake atakuja siku ya mahafali kupokea joho. Alishaambiwa. Alinipigia simu kuniuliza jambo moja tu.

"Edina mwanangu, nikivishwa lile joho, viatu navua au naviacha?"

"Vaa viatu, mama. Wote wanavaa."

"Haya. Maana sitaki kumwaibisha."

Sasa, mimi ni mtu wa kuuliza. Namsifu aliniita Tomaso tangu siku nilipomuuliza mchungaji, mbele ya ushirika mzima wa wanafunzi, ni nani aliyewahesabu wale elfu tano waliokula mikate, na kama walipanga foleni. Lakini kazi ya Namsifu sikuwa nimeiuliza kitu. Nilipoendesha programu yake kwa minyororo mirefu zaidi, nayo ikakimbia vilevile, nilikwenda kwa Dakta.

"Dakta, unapitaje?"

"Huo ndio ugunduzi wenyewe."

"Lakini njia haipo. Upande huu nguzo, upande huu nguzo."

"Edina," alisema akicheka, "ukijibu yote wewe, jopo litauliza nini?"

Nikatoka. Nikarudi bwenini na kulala mapema kuliko kawaida, nikiwa nimechoka kama niliyebeba maji. Kitanda cha Namsifu kilikuwa bado hakijapewa mtu.

Kwanza nilisikia mtu anatafuna.

Niko sebuleni kwa mama Namsifu, nyumba niliyofika siku moja tu, siku ya mazishi. Viti vimerudishwa mahali pake. Pazia linapepea ingawa hakuna upepo. Namsifu ameketi chini kwenye mkeka, amevaa ile fulana ya kijani ya timu ya idara, na mbele yake kuna sahani ya makande. Anakula kama alivyokula siku zote, anachagua mahindi na kuyasukuma maharage upande wangu. Kifuani, kwa pini ya nguo, amejibandika karatasi: USIZIME.

Si kwamba nilisahau kuwa amekufa. Nilijua. Niliona haya kulitaja, kama unavyoona haya kutaja kiraka kwenye nguo ya mgeni.

"Kula," akasema.

"Umefika saa ngapi?"

"Tomaso," akasema, "hata kwa marehemu unaomba ratiba."

Nikacheka. Nilicheka mpaka nikaegemea ukuta, na ukuta haukuwepo. Tulikuwa nje, mchana wa jua kali, katikati ya shamba la mkonge. Lakini mkonge wenyewe haukuwepo, yalikuwa majani tu yaliyokauka chini. Kilichobaki ni milingoti, ile miti mirefu inayochomoza mkonge unapozeeka, imesimama wima kila mahali hadi macho yanapokoma. Haikuwa imepandwa kwa mistari. Ilikuwa karibukaribu, na ukitazama upande wowote ulikutana na mlingoti.

Na mimi nimo kwenye foleni.

Tumeshikana nguo kwa nyuma, kama watoto wanavyocheza treni. Mbele kabisa ni Dakta Mbelwa, miwani inamteleza kwa jasho. Nyuma yake watu wengi wa chuoni, yupo katibu muhtasi wa idara, yupo mlinzi wa geti. Mbele yangu ni mama Namsifu. Amevaa joho jeusi lenye ukosi mwekundu, mikono yake mirefu imemfunika vidole, na viatu amevishika mkononi. Nimemshika joho mgongoni. Na mimi nimeshikwa gauni kwa nyuma, na mkono ulionishika hauna uzito. Sihitaji kugeuka kujua ni nani. Yeye ndiye wa mwisho.

Hakuna aliyetangaza sheria, lakini wote tunaijua: asiachie mtu. Kule mbali, upande wa pili wa milingoti, kuna jukwaa, kuna turubai, kuna viti vyeupe vya plastiki na watu waliovaa vizuri wanatusubiri. Sauti ya tarumbeta inakuja na kupotea.

Tunakwenda polepole mno. Dakta anatafuta upenyo, anapata, anapiga hatua, na aliye nyuma yake anavutwa, na wa nyuma yake naye, mpaka mvuto ule unifikie mimi, nami nausikia ukipita kwenye gauni langu kwenda kwa Namsifu. Kisha kimya. Kisha hatua nyingine. Mlingoti mmoja uko kushoto kwangu, mwingine kulia. Sina pa kwenda ila palepale alipokanyaga mama. Naye hana ila pale alipokanyaga wa mbele yake.

Nikawaza, ndani ya ndoto, nikawaza kwa utulivu kabisa: hivi ndivyo inavyotakiwa iwe.

"Wa mbele mmelala?" mtu akapiga kelele.

"Wa nyuma msisukume!"

"Joho litapauka kabla halijafika!"

Nilimsikia mama Namsifu akihema.

Ndipo jua likakatika.

Halikuzama. Lilikatika kama umeme. Na shamba zima likapiga kelele ile inayopigwa mabwenini taa zinapozimika, "Aaaah!" ndefu, ya watu waliozoea. Giza likakaa kitambo kidogo. Kisha jua likarudi, na watu wote, "Eeeeh!" na makofi.

Foleni ilikuwa imesogea.

Mlingoti uliokuwa kushoto kwangu sasa uko kulia. Uliokuwa mbele ya mama sasa uko nyuma yetu. Hakuna aliyeachia. Mkono wangu bado umelishika joho, mkono wa Namsifu bado umeshika gauni. Hakuna aliyezunguka, hakuna aliyeinama. Jukwaa liko karibu zaidi.

"Tumepitaje?" nikauliza.

Hakuna aliyegeuka. Watu walikuwa wanacheka kwa furaha, Dakta Mbelwa anapunga mkono kuelekea jukwaani.

Jua likakatika tena. "Aaaah!" Likarudi. "Eeeeh!" Tumevuka milingoti mingine. Likakatika. Likarudi. Sasa namwona mpiga tarumbeta mashavu yake. Sasa naiona sahani ya maua mezani. Na kila jua linaporudi, joho ninaloshika linakuwa jepesi. Mara ya kwanza nilidhani ni mkono wangu umekufa ganzi. Nikatazama. Kupitia mgongo wa mama Namsifu niliona viti vyeupe vya plastiki.

Sikuviona kwa juu ya bega lake. Niliviona kupitia mgongo.

"Mama," nikaita.

Aligeuza uso. Ulikuwa uso wake, lakini mwanga ulikuwa unapita ndani yake kama unavyopita kwenye glasi ya chai ya rangi. Alitabasamu. Akasogeza midomo na sauti haikutoka.

Nikageuka nyuma. Hapo ndipo nilipomtazama Namsifu sawasawa, kwa mara ya kwanza tangu sebuleni. Mlingoti ulikuwa umesimama katikati ya mwili wake, umeingia kifuani kwenye ile karatasi na kutokea mgongoni, naye hana habari. Alikuwa anatikisa kichwa kufuata tarumbeta.

"Namsifu! Mama yako anafifia!"

"Naona."

"Sasa?"

"Mimi napita, Tomaso, kwa sababu sina mwili," akasema. "Yeye anao."

Nikataka kumwambia Dakta asimamishe foleni, lakini Dakta yuko mbali na kelele ni nyingi. Nikataka kumvuta mama arudi, lakini sheria inasema asiachie mtu, na aliyekamatana na watu hawezi kurudi peke yake. Nikasikia wale wa jukwaani wanaanza kuita jina la Namsifu kwenye kipaza sauti, jina lake kamili, kwa sauti ya mahafali.

"Nifanye nini? Niambie basi! Wewe ndiye uliyeiandika!"

Namsifu akaacha kutikisa kichwa.

"Wote mnashangilia jua likirudi," akasema. "Hakuna anayetazama likiwa limezimika."

Nikaelewa, kwa ule uelewa wa ndotoni usiopitia maneno. Nilinyoosha mkono wangu wa kushoto nikaukamata mlingoti uliokuwa karibu. Ulikuwa wa kweli. Ulikuwa mkavu, una magamba, una moto wa jua, na ukanichoma kiganja. Mkono wa kulia umeshika joho.

Jua likakatika.

Safari hii sikupiga kelele na wenzangu. Nikakodoa macho gizani, na gizani hapakuwa na kitu cha kuona, lakini palikuwa na sauti. Kitambaa kinakwaruza kwenye mti. Watu wananyanyuka, wote kwa pamoja, bila miguu yao kugusa majani, na wanapita. Hawazunguki. Wanapita ndani. Joho likaanza kunivuta. Likavuta kama mtumba unaogombewa na watu wawili sokoni, na mimi katikati, mkono huu kwenye mlingoti, mkono huu kwenye joho, kifua kinataka kupasuka. Nilijua nikiuachia mlingoti nitafika. Sote tutafika, na mama atavishwa, na jina litasomwa. Na nilijua jua litakaporudi, ndani ya joho lile sitamwona mtu.

Pumzi ikanigusa sikio.

"Nguzo ni ya kweli," sauti ya Namsifu ikasema. "Usiing'oe kwa ajili yangu."

Vidole vyangu vya kulia vikafunguka kimoja kimoja.

Jua liliporudi hapakuwa na "Eeeeh." Palikuwa na makofi tu, kwa mbali. Joho lilikuwa limefika jukwaani peke yake. Lilisimama wima bila mtu ndani, mikono yake inaning'inia, na watu waliovaa vizuri walikuwa wamenyanyuka vitini wanalipigia makofi. Nyuma yangu hakuna aliyenishika. Na mbele yangu, upande huu wa mlingoti, mama Namsifu amesimama na kitenge chake cha kila siku, viatu mkononi, jasho linamtiririka shingoni. Alikuwa mzito. Alikuwa anahema. Alinitazama, na sikuweza kujua kama ananichukia. Akafungua mdomo aseme neno.

Nikaamka.

Mkono wangu wa kushoto ulikuwa umekamata chuma cha kitanda kwa nguvu hadi kiganjani kumebaki alama. Kulikuwa kunapambazuka. Nje wasichana walikuwa wanapanga ndoo bombani, mmoja anamwambia mwenzake, "Wewe dada, hiyo ni ndoo au pipa?" Nikakaa kitandani nikawasikiliza mpaka nilipokuwa na uhakika kwamba ni wao na si shamba.

Sisemi kwamba Namsifu alikuja. Nimeshabishana na watu juu ya hili, na nitabishana tena. Ubongo uliochoka huchukua vipande vya mchana na kuvishona upya. Nilikuwa nimeitazama minyororo ile kwenye kioo siku nyingi, inawezekana jicho langu lilishaona kitu ambacho mimi sikutaka kukiona. Hayo yote nayajua. Lakini sikunywa chai. Nilivaa kanga juu ya gauni la kulalia, nikavuka uwanja, nikamgongea mlinzi anifungulie chumba cha kompyuta.

Kwa miezi yote tulikuwa tunatazama mnyororo ulipo kabla ya hatua na ulipo baada ya hatua. Asubuhi ile nilitafuta kilichotokea katikati. Na hapo ndipo kosa lilipokuwa, wazi kama kidonda.

Umeme wetu ulikuwa wa mgao. Kazi ndefu ilikatwa kabla haijaisha, na ikikatwa unaanza mwanzo. Basi kila mtu mle ndani alijifunza, bila kufundishwa, kuirefusha hatua: badala ya shanga kusogezwa kidogo kidogo, isogezwe kwa mruko mkubwa, kazi iishe kabla umeme haujaondoka. Tulishauriana hivyo tukicheka. "Ongeza hatua, dada, mgao unakuja." Kwenye uwanja mtupu haina madhara makubwa. Lakini nguzo za Namsifu zilikuwa nyembamba kuliko hatua yake. Programu iliiuliza shanga: je, hapa ulipotua pana nguzo? Shanga ikajibu hapana. Haikuulizwa kamwe: je, njiani umepita wapi? Shanga ilikuwa inaruka nguzo, na uzi unafuata, na mnyororo mzima, shanga kwa shanga, unapita ndani ya kitu kisichopitika.

Nikaifupisha hatua. Nikaanzisha upya.

Mnyororo ukakwama. Ukatikisika palepale kwa muda mrefu, ukajaribu ubavu, ukagonga, ukarudi. Kisha ncha moja ikapata upenyo, na mwili ukaanza kuifuata, polepole kiasi cha kuudhi. Saa zilikwenda na haukuwa umefika popote. Ulikuwa sahihi.

Dakta Mbelwa aliangalia kioo akiwa amesimama, kisha akavuta kiti.

"Umejuaje kutazama hatua?"

Mwanafizikia hamwambii msimamizi wake kwamba ameota. "Nilitazama tu," nikasema.

"Edina. Jopo lile halikuja kutafuta makosa. Limekuja kumzika mtu kwa heshima."

"Tulishamzika, Dakta."

Akanitazama kwa ukali, na nilidhani atanitoa nje. Badala yake alivua miwani akaifuta kwa tai, akaifuta muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

"Yule mama anashona nguo ya kuvaa ndani ya joho," akasema. "Aliniambia rangi yake. Umpigie wewe. Mimi siwezi."

Nilimpigia. Nilitoka nje, nikasimama kwenye kivuli cha ukuta, na nikamweleza kadiri nilivyoweza: kwamba kazi ina kosa, kwamba si kosa la uvivu wala la ujinga, ni la umeme, ni la sisi sote, kwamba itabidi irudiwe, na mwaka huu joho halitakuwepo. Nilisikia kuku upande wake. Nilisikia mtu akimwita, naye hakuitika.

"Haya, mwanangu," akasema mwishowe. "Tumesikia."

Simu ikakatika. Nikaendelea kuishika sikioni. Lile "tumesikia" lilikaa nami muda mrefu kuliko ndoto. Nililisikia kama mlango unaofungwa taratibu na mtu mwenye adabu. Nilikuwa nimemvua mama joho mbele ya watu, sasa si usingizini tena, na lile neno alilofungulia mdomo ndotoni bado sikulijua.

Kazi niliirudia. Ilichukua muda, kwa sababu hatua fupi ni ndefu kusubiri, na minyororo ilitambaa kama vitabu vilivyosema. Hakukuwa na ugunduzi. Niliandika jina la Namsifu kabla ya langu, na shahada yake haikutolewa, maana sheria ya chuo ilitaka kazi iwe ya mwenyewe, na hii nilikuwa nimeirudia yote mimi. Nikahitimu, nikaajiriwa kufundisha mbali. Sikurudi Upare. Kila nilipopanga kwenda nilipata sababu.

Miaka ilipita ndipo safari ya kikazi iliponipitisha kule, nikashuka. Mama Namsifu alikuwa amezeeka miguuni tu. Alinipakulia makande, akaniuliza kama nimeolewa, akaniuliza kwa nini bado, akacheka jibu langu. Tulipokwisha kula, nikamwambia kile nilichokuja kukisema: kwamba nasikitika juu ya joho.

Akakusanya sahani, akaziweka juu ya magoti yake badala ya kuzipeleka jikoni.

"Likizo ile alikuja na uso mzito," akasema. "Nikadhani ni mwanamume. Akaniambia, mama, njiani kwenye basi nilikuwa naangalia mkonge dirishani, unapita, unapita, nikajua. Minyororo yangu inapita ndani ya nguzo. Kazi yote haifai. Nikirudi naivunja naanza upya."

Nikasogea karibu naye.

"Nikamwambia, mpigie basi mwenzako. Akasema hapana, huyo nitamwambia uso kwa uso, nikimwambia kwa simu Tomaso atanicheka mpaka salio liishe. Kesho yake ndiyo homa ikaanza."

"Mama. Kwa hiyo Dakta alipokupigia kuhusu joho..."

"Nilijua, Edina. Nilijua tangu kabla hatujamzika," akasema. "Na kila siku nilimwomba Mungu ninyi msilione lile kosa."